Waliojiandika Jumamosi

Bunia, tarehe 7 Septemba 2003

Mwalimu Floribert,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama yangu ninayelala naye mkeka mmoja: vitabu vyako viko. Havikuungua.

Watu wote wanaamini kwamba salle yako ya kusomea iliisha kwenye vita vya mwezi wa tano. Mama anaamini hivyo, na depo ile ya kahawa uliyoifanya salle iko kwenye parcelle, kiwanja chetu wenyewe, hatua ishirini kutoka jikoni. Anapita mbele ya mlango bila kugeuza kichwa. Hajui kwamba siku ile mlipokimbia, weye na Mama Martine, niliingiza vitabu vyote ndani ya magunia, nikamwaga maganda ya kahawa juu yake mpaka mikono ikashika harufu ambayo haijatoka. Viko mia moja thelathini na sita. Nikikuandikia hivi nimekaa juu ya gunia moja, na kona ya kitabu fulani inanichoma.

Unanijua. Miaka miwili nilikaa kwenye benchi yako kila Jumamosi nikirudisha vitabu kwa mdomo, kama ulivyotaka: aliyeazima asimulie kwanza mbele ya wenzake, ndipo kitabu kirudi kwenye rafu. Sauti yangu ilikuwa ya panya. Fiston alikuwa anapiga kelele kutoka nyuma: "Abi, ongeza volume! Siye wa huku nyuma pia tumelipa!" Na hakuna aliyelipa kitu. Mbele ya watu mdomo wangu unafunga. Kwenye karatasi unafunguka kidogo. Barua hii niliianza kwa Kifaransa cha shuleni, nikaona kila mstari unatoka safi kuliko mimi, nikaichana.

Mama Kahindo wa vitenge ndiye aliyetuambia alikuona Aru, kwenye barrière ya douane, pale kizuizi cha forodha, ukiwajazia madereva fomu zao. Amekubali kubeba barua hii. Kama ni vibaya kukuandikia, nisamehe. Nilitaka tu ujue kwamba viko.

Mwanafunzi wako,
Abigaël

*

Aru, tarehe 24 Septemba 2003

Abigaël, mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye barrière, fomu ya dereva mkononi. Dereva akaniuliza, "Mwalimu, nani amekufa?" Nikamwambia, "Leo hakuna. Leo wamefufuka mia moja thelathini na sita." Akafikiri jua limenipiga.

Sijui umesikia nini juu yetu, basi nitakuambia mwenyewe. Nathanaël, mtoto wetu, hatunaye. Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tano nilimhamishia kwa dada yangu, kule Saio, kwa sababu nyumba yetu ilijulikana na jina letu lilikuwa linasema tunatoka upande gani. Siku tulipokimbia alikuwa na malaria, hakuweza kutembea. Nikasema: Saio hakuna anayejua, abaki, tutamfuata akipona. Majirani wote tuliwaambia amekwenda Beni. Lakini tarehe 14 wenye bunduki walikuja moja kwa moja kwenye mlango wa dada yangu. Waliita jina lake lote, la kwanza na la mwisho, kama appel ya shuleni. Akaitika, Abigaël. Alizoea kuitika. Dada yangu alimzika kwa mikono yake nyuma ya jikoni.

Nauliza kila siku: nani aliwaambia Saio? Mke wangu Martine haulizi. Martine hasemi kitu tangu Juni, habari ilipotufikia.

Naomba mambo mawili. La kwanza, fungua salle Jumamosi, hata saa moja tu. Vijana wa Bunia walikuwa wanasoma kwa furaha, si kwa ajili ya mtihani. Sitaki hilo pia lizikwe. Uniandikie nani amekuja na nani amesimulia nini.

La pili, ile cahier ya kijani, daftari ambamo wasomaji walikuwa wanajiandika, nayo iliokoka? Jumamosi ya tarehe 3 Nathanaël alikuja kuazima kitabu. Nataka kujua ni kipi. Tena nataka ule mstari alioandika kwa mkono wake. Vitu vyake vyote viliungua na nyumba. Hatuna hata karatasi moja yenye mwandiko wake.

Mungu akulinde, weye na mama yako.

Mwalimu wako,
Floribert

*

Bunia, tarehe 5 Oktoba 2003

Mwalimu,

Pole. Nimeandika neno hilo mara sita kwenye karatasi nyingine, na kila mara linaonekana dogo.

Salle nilifungua jana. Mama alikuwa ameenda sokoni. Walikuja tisa. Élise alirudisha kile cha wale mapacha walionunua mlima, akafanya sauti za mapacha wote wawili, watu wakacheka mpaka Fiston akaanguka kutoka kwenye benchi. Kisha wengine wakaazima. Ilikuwa kama zamani. Hata vumbi lilikuwa zuri kwenye jua.

Nathanaël aliazima kitabu cha fundi saa, kile cha jalada la bluu. Nakumbuka kwa sababu alikiomba kwangu. Aliandika mwenyewe kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto.

Lakini cahier yenyewe, Mwalimu, iliingiwa na mvua ya mwezi wa tano. Bati lilitobolewa na risasi juu ya meza. Wino ulikimbia wote. Hakuna kinachosomeka.

Abigaël

*

Aru, tarehe 20 Oktoba 2003

Abigaël,

Sikukasirika. Nasema hilo kwanza ili usiogope kusoma yanayofuata.

Mama Kahindo alipita kwenu Jumamosi ile ile ya tarehe 4, saa nne, kuuliza kama una barua. Amenieleza kwamba depo ilikuwa imefungwa na buibui ametandaza nyumba yake kutoka kufuli mpaka kwenye ukuta. Anasema alikuona umeketi jikoni peke yako ukiutazama mlango ule. Alikuita mara mbili, hukusikia.

Wale tisa, mwanangu, ulinipa kama mtu anavyompa mgonjwa uji. Nimekunywa. Sasa niambie ukweli, kwa sababu hapa Aru pia vijana hawasomi. Kuna nyumba ya video karibu na soko. Vijana wanaingia asubuhi kutazama watu wakipigana risasi, kana kwamba hawakuona za kutosha. Kuna mmoja anaitwa Gustave, mwenye akili kali, aliyekimbia kutoka Djugu. Nilimpa kitabu. Alikirudisha kesho yake. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwalimu, kitabu inataka mutu mwenye kujua kama atafika kwenye ukurasa ya mwisho." Mimi, mwalimu wa miaka ishirini na mbili, nikarudi kwenye fomu za madereva.

Kuhusu cahier: tulikuwa tunaandika kwa kalamu ya risasi pia, si wino tu. Kalamu ya risasi haiogopi maji. Itunze hivyo hivyo ilivyo, hata kama ni tope. Juzi nilimwambia Martine kwamba ipo. Akasema, "Mwandiko wake." Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Juni.

Tutakuja wote wawili mwanzoni mwa Desemba. Barabara ikikataa, kuna ndege ndogo ya wamisionari. Tutapita Saio kaburini, kisha tutakuja kwako.

Floribert

*

Bunia, tarehe 2 Novemba 2003

Mwalimu,

Ni kweli. Hakuna aliyekuja. Hakuna hata aliyeitwa. Wale tisa niliwatoa kichwani, na nilipokuwa nawaandika niliwasikia vizuri kuliko ninavyomsikia mama.

Basi baada ya barua yako nilijilazimisha. Nilikwenda kwa Fiston. Siku hizi anauza mafuta ya pikipiki kwenye chupa, njiani, na Élise anasuka nywele karibu naye chini ya bâche ya plastiki. Nikasimama. Nikasema vitabu vya Mwalimu viko, mje Jumamosi.

Fiston akamgeukia Élise. "Umesikia? Abi ameongea maneno sita mufululizo. Ingiza nguo ndani, mvua inakuya."

"Vitabu gani?" Élise akauliza.

"Vyote. Niliviokoa."

Wakatazamana. Fiston akaacha kucheka. "Na watu watajiandika?"

"Ndiyo sheria ya Mwalimu. Jina, avenue unakokaa, numero ya parcelle. Ili vitabu visipotee."

"Basi mimi sikuyi."

"Weye ulikuwa unapenda sana."

"Nilikuwa napenda. Hata leo napenda, ukitaka kujua. Mais jina yangu sitaiandika tena kwenye karatasi ya mutu. Hata ya kanisa. Hata wale wa kugawa unga nimewaambia waniandike Papa Mafuta."

Élise alikuwa na kitana mdomoni, akakitoa. "Wakubwa wanasema vijana wa leo tuko wavivu wa kusoma. Waseme tu. Muvivu, hakuna mutu anamuuliza avenue yake."

Nikauliza ana maana gani, na mdomo wangu ulikuwa umeanza kufunga. Fiston akaniambia polepole, kama mtu anayemwambia mtoto. Kwao walikuja tarehe 13 ya mwezi ule wa tano. Yeye alikuwa juu, kati ya dari na bati. Alisikia wakiita jina lake lote na jina la baba yake, wakasema na numero. Akachungulia kwenye tundu. Mmoja wao alikuwa ameshika cahier, jalada la kijani, kidole kwenye mstari. Hawakumpata, wakaenda kwenye mstari mwingine.

"Hatujui waliitoa wapi," Fiston akasema. "Lakini kila aliyesoma kwa Mwalimu anajua ni cahier gani."

Nilirudi nyumbani. Nami sisomi tena, Mwalimu. Nikifungua kitabu chochote, hata kile cha mapacha, mistari inageuka majina na avenue, na kuna mtu anaisoma kwa sauti nyuma ya bega langu.

Nilikudanganya juu ya mvua.

Abigaël

*

Aru, tarehe 17 Novemba 2003

Abigaël,

Nimekaa na barua yako siku tatu.

Basi ni cahier yangu. Mimi niliweka sheria ile. Mimi nilisema anayehama aandike anakohamia, kwa sababu nilipenda kupanda baiskeli yangu na kwenda kudai vitabu mlango kwa mlango kama mtoza ushuru. Na mtoto wa Mwalimu hawezi kuvunja sheria ya Mwalimu. Aliandika Saio. Niliwaficha watu wote mahali alipo, na yeye akaja kujiandika kwenye meza yangu kwa sababu nilimlea vizuri.

Naona ilivyokuwa. Walivunja mlango, wakakuta cahier juu ya meza, wakaichukua. Weye uliogopa kuniambia kwamba haipo. Ndivyo? Niandikie neno moja tu, ndiyo, nami sitakuuliza tena maisha yangu yote. Martine bado hajui. Nitamweleza mwenyewe tukifika Saio, kwamba ni mimi.

Salle ifungue bila cahier. Acha mlango wazi, mtu achukue anachotaka, asitajwe. Vikipotea, vipotee.

Tunaondoka hapa tarehe 2.

Floribert

*

Bunia, Jumamosi tarehe 6 Desemba 2003

Mwalimu,

Hapana.

Umeniomba neno moja, na neno ni hilo. Hawakuvunja mlango. Nilifungua mimi. Na cahier niliitoa mimi, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa kitu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 12, baada ya saa sita. Mama alikuwa amekwenda uwanja wa ndege kutafuta mahali pa kujificha kwa watu wa kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa. Nilibaki ili nivitazame vitabu. Walikuja watano. Walikuwa wameiba mbuzi, kuni zilikuwa mbichi, walitaka karatasi ya kuwashia moto. Mmoja wao alikuwa Dany. Unamkumbuka Dany, mwaka ule alimaliza vitabu kumi na vinne na ukampa kalamu yenye rangi nne. Alikuwa na bunduki mgongoni na alinisalimia vizuri.

"Abi. Tupe karatasi. Tuko na njaa. Vitabu vya muzee viko wapi?"

Nikasema viliibiwa. Yeye anajua depo ile. Alianza kugusa magunia kwa mguu, moja, mbili. Gunia la tatu lilitoa sauti ya kitabu, si ya maganda. Nikaona vitabu vimekwisha. Cahier ilikuwa juu ya meza. Nikaikamata nikampa. Nikamwambia, "Chukueni hii, iko na karatasi nyingi, na haina hadithi."

Mwalimu, naapa nilifikiri ni moto tu. Nilichofikiri ni kwamba cahier nyingine tutanunua na majina tutaandika upya. Nilificha hadithi, nikatoa watu.

Alichana ukurasa wa kwanza. Alipofika kwenye wa pili akasimama. Akaanza kusoma. Alikaa kwenye benchi yako, pale alipokuwa anakaa, na akasoma cahier yote, kidole kwenye mstari, anatabasamu. "Kumbe Fiston anakaa nyuma ya kisima. Kumbe huyu baba yake ni fulani." Wenzake walikuwa wanamwita, nyama inangoja, hakusikia. Tangu siku ile sijaona mtu anasoma kwa furaha namna ile. Alipofika mwisho akasema, "Na mutoto ya Mwalimu. Saio! Watu wanasema ameenda Beni."

Kisha akaomba kalamu. Nikampa. Alijiandika chini kabisa, tarehe, jina lake, na mahali pa kitabu akaandika: cahier. Wenzake walicheka sana. "Sheria ni sheria," akasema. "Nitairudisha Jumamosi, nitaisimulia kwenye benchi."

Wanasema yuko Mongbwalu, anachimba dhahabu. Lakini kila Jumamosi nakaa jikoni nautazama mlango ule, kwa sababu najua siku atakayorudi atasimulia yote, ukurasa kwa ukurasa, na mimi ndiye nitakayekuwa kwenye benchi kumsikiliza.

Hayo bado si yote. Yanayofuata sikuweza kuyaandika hata kwenye zile karatasi nilizochana.

Alisema Saio mbele yangu. Ilikuwa Jumatatu mchana. Nathanaël walimfikia Jumatano. Kutoka kwetu mpaka Saio ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kukuambia risasi zilikuwa nyingi, na asubuhi ya Jumanne zilikuwa nyingi. Mchana zilinyamaza. Watu walitoka kuteka maji. Nami nilitoka, nilikuwa na bidon mkononi, nilifika mpaka kwenye mto Nyamukau. Nilisimama pale. Nilijiuliza nikifika Saio nitasema nini, nianze vipi, nimwambie dada yako neno gani mlangoni, mimi ambaye hata salamu inanishinda. Nikateka maji. Nikarudi nyumbani.

Barua hii haina mchukuzi. Mama Kahindo amesema mlifika jana, mmelala Saio, na leo mtakuja. Naandika kwa sababu naujua mdomo wangu. Weye utaniuliza, "Walivunja mlango, ndivyo?" na utanisaidia kwa macho, na Mama Martine atanishika mkono, nami nitasema ndiyo. Kisha weye utaibeba hatia yangu mbele ya mke wako mpaka mwisho wa maisha yenu, na mtanipenda. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko Dany.

Nasikia mama huko nje anawakaribisha. "Karibuni, karibuni, poleni na safari." Ni miguu ya watu wawili, mmoja anakokota. Sijamaliza, nilitaka kuandika habari ya...

Mama Martine anauliza, kwa sauti ndogo sana, "Mutoto iko wapi?"

Ni mimi anayeniita hivyo. Ninakunja karatasi, ninaiingiza ndani ya blauzi. Kama unausoma mstari huu, Mwalimu, basi niliitoa mwenyewe, mbele yenu wote wawili.

Wako mlangoni.